Askari Kamwita Dada Yangu Kijini

Jamani, "uzuri wa kijini" ni sifa au ni balaa?

Leo asubuhi, tukipita na Mama kwenye kizuizi cha barabarani cha Kisenyi, askari mmoja alimkazia macho dada yangu Zaina.

"Wewe iko na uzuri ya kijini," akamwambia.

Zaina akajificha nyuma ya Mama. Siku hizi watu wanachukuliwa na askari kwa neno dogo kuliko hilo!

Mama akajitia katikati. "Afande, huyu si jini. Nimemzaa mwenyewe!"

Askari akaduwaa. "Mama, mimi nasifu tu. Kwetu msichana nyepesi hivi, macho yake kama iko mbali, tunaita hivyo."

Akatufungulia njia.

Sasa Mama anamsomea Zaina dua. Zaina mwenyewe anajitazama kwenye kioo, anatabasamu.

Mimi sijui nimcheke yule askari au nimwogope.

Ninyi mngemjibuje?