Nani Atambeba Védaste

Ukitaka kumkasirisha Papa Védaste, mwambie kwamba gari la wagonjwa ni bora kuliko kipoyi. Atakutazama kwa huruma, halafu atakueleza, utake usitake, jinsi wanaume wa mlima wao juu ya Kalembe walivyokuwa wakimpeleka mgonjwa hospitalini: mianzi miwili mirefu, mkeka katikati, wanne chini ya mianzi na wengine nyuma wakingoja zamu. Yeye alikuwa mbele, kushoto, tangu ujana wake. Bega lile limeshuka na kuwa gumu, na hulionyesha kwa fahari hata kwa wasiouliza.

"Zamani hakuna muntu alikuwa anagonjwa peke yake," husema.

Na kweli, sheria ya kipoyi ilikuwa kali kuliko ya chifu. Ukikutana nacho njiani, unatua mzigo wako palepale, unaingia chini ya mwanzi mpaka kilima kinachofuata, hata kama mgonjwa humjui wala kabila lake hulijui. Aliyebebwa hasemi aksanti. Akipona, naye analeta bega. Walibeba wajawazito, walibeba vikongwe, wakiimba kwa sauti ya chini ili mgonjwa asiogope mtikisiko. Wakirudi, Emérita, mke wa Védaste, aliwangoja na chungu cha viazi na maharagi. Jamani, walikula wale watu!

Kisha vita vikawasukuma hadi kambi ya Lushebere, na hukohuko tumbo likamshika Védaste, chini upande wa kulia, mpaka akajikunja. Hospitalini, daktari Luc, kijana mpole, akakuta apandisiti, yaani kidole tumbo, imeshavimba ikafanya fundo, si ya kukimbilia kisu. Akamtibu kwa sindano na dawa bila kumpasua. Homa ikashuka, fundo likayeyuka, na mzee akatoka akitamba kwamba amekishinda kisu.

Sasa mlima umetulia kidogo, na mvua ya kupanda maharagi inakaribia. Védaste alikuwa ameshafunga jembe na sufuria za safari alipoitwa hospitalini kuangaliwa mara ya mwisho. Alikwenda na Emérita. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, lakini Luc aliuliza.

"Papa, uko muzima. Lakini ile apandisiti ingali ndani. Kwa bengine hairudi kabisa. Kwa bengine inarudi, na inaweza pasuka. Kama ungeishi hapa karibu, ningesema tungoje tu. Lakini kule unaenda, hakuna mahali pa kupasulia. Tunaweza kuitoa sasa, pole pole. Utabaki wiki kadhaa bila kushika jembe. Ni weye na mama mutachagula."

"Na maharagi?" Védaste akaruka. "Mvua haiwezi ngoja kidonda. Iache ndani. Ikirudi, batanibeba."

"Nani?" akauliza Emérita.

"Kipoyi!"

"Papa Védaste, kipoyi ni miti. Nakuuliza nani."

Loo! Mzee akawaka. Byamungu, akasema, si walikuwa naye mbele siku zote? Emérita akamkumbusha kwamba Byamungu yuko Goma, anasukuma chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo. Symphorien, basi. Symphorien walimzika hapahapa Lushebere, na Védaste mwenyewe alichimba kaburi. Na wale ndugu wa ng'ambo ya mto? Walivuka kwenda Uganda, hawajatuma hata salamu. Akataja mwingine, na mwingine, sauti ikififia. Kila jina lilimrudisha kwenye ile njia ya matope, mabega yakigusana, mmoja akimtania mwenzake kwamba anakwepa uzito. Machozi yakamlengalenga. Miezi yote ile kambini alikuwa amepanga kurudi nyumbani kana kwamba wote wangali kule, wamekaa tayari kuitwa. Uchungu wa kuwakosa ukamshika vibaya kuliko ule wa tumbo.

Luc alivuta kiti chake akangoja.

"Basi mulimani banabakia banani?" Védaste akauliza.

"Banamama," akajibu Emérita. "Na miye. Usiogope. Ukigonjwa nitakufunga mugongoni na kitenge, niweke kamba ku kichwa, vile nabebaka viazi. Nitakufikisha hapa, hata kwa kutambaa."

Hakuwa akitania. Siku hizi alikuwa amekonda, shingo imeinama kwa mizigo, na kamba ilikuwa imemwachia alama isiyofutika kwenye paji la uso. Védaste akamtazama. Alikuwa amebeba nusu ya watu wa Kalembe, na mwanamke huyu hajawahi hata siku moja kulala kwenye kipoyi.

Akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Dokta," akasema, "munipasue. Huyu atanibeba kweli."