Bibi wa Duara na Wafu Wake Tisa

Mimi ni fundi simu, na fundi simu ana vitu vitatu ambavyo watu wengi hawana: taa kali, lenzi na mkono usiotetemeka. Ndiyo maana mchezo huu ulinikamata. Rafiki yangu wa Mwanza ana mashine ya kuchapa vitu vya plastiki, akaniletea sanamu za watu wadogo, kila mmoja urefu wa kidole gumba, kijivu tupu, bila uso wa kueleweka. Jumapili tunakutana watatu dukani kwangu, hapa Geita, tunasogeza simu mbovu pembeni, tunapanga majeshi yetu juu ya meza na kurusha dadu. Wapita njia hutucheka, eti ndevu zote hizi na bado tunacheza. Wacha wacheke. Wao wanashinda wakigombania timu za Ulaya ambazo hazijui hata kama wapo.

Kila mchezaji ana jeshi lake. Mwenzangu mmoja ana askari wa mikuki, mwingine ana fisi wanaotembea wima. Mimi nilichagua misukule. Kwa anayesoma akiwa mbali na kwetu, msukule ni mtu ambaye ndugu zake wamemlilia na kumzika, kumbe mchawi kamficha mahali na anamtumikisha. Nikajiuliza, misukule wa Geita watafanya kazi gani? Watachimba dhahabu, wangefanya nini kingine. Nikawapaka vumbi la duara, lile shimo la wachimbaji wadogo, na kila mmoja nikamtungia maisha yake kwenye kaunta buku. Sikuwapa majina. Yule wa kwanza aliingia duarani bila kumuaga mkewe, kwa ugomvi wa chumvi kwenye dagaa, na mpaka leo kila akishusha sururu anasema, "Ilizidi kidogo." Mwingine alikuwa mpishi wa kambi, amekufa lakini bado anapita akiuliza nani hajala. Nilikuwa nacheka peke yangu nikiandika.

Wa tano alifika mguu umevunjika ndani ya kifurushi. Nikaugandisha kwa gundi, ukakaa vibaya, basi nikamfunga bandeji ya karatasi laini na kuandika kwamba mguu wake mzima umechukuliwa na Bibi wa Duara ili asiweze kutoroka. Maana walihitaji mtawala. Bibi wa Duara ni mwanamke mzee mwenye fimbo na lemba la kijani. Lemba lilinichukua nusu saa. Macho yalinichukua siku tatu, kwa sababu nyekundu ya kwenye chupa ilikuwa ya kitoto, ya pipi. Niliyoitaka mimi ilikuwa na ukahawia ndani yake na umajimaji pembeni, nami nilikuwa naiona kila asubuhi nikisema shikamoo.

Hapo ndipo ninapojichukia. Mwenye nyumba wangu ni bibi aliyetoka Kishapu, upande wa Mhunze, kwetu kabisa. Macho yake ni mekundu kwa sababu moja ambayo kila Msukuma anaijua: miaka mingi ya kupikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe ndani ya jiko lisilo na dirisha. Na kila Msukuma anajua pia macho hayo yamewaponza akina mama wangapi, wakaitwa wachawi. Nilipokuwa mdogo kulikuwa na bibi jirani yetu aliyekuwa akifunga mlango wake kwa komeo jua likiwa bado juu, na hakuna mtu mzima aliyetueleza kwa nini. Tulijua tu. Mimi niliyekua nikijua hivyo, nikakaa chini ya taa yangu na kumpaka mkuu wa misukule macho ya bibi aliyenipa chumba.

Mwezi ule mvua ilikataa kuisha na rangi ilikuwa haikauki. Bibi alikuwa anatundika mahindi ya mbegu juu ya meko ili wadudu wasiyale, na kando yake kuna uchaga wa miti. Nikamwomba niweke vitu vyangu pale vipate joto. "Ni vitu vya kazi," nikamwambia, maana niliona aibu kueleza. Haoni vizuri. Akanisogezea mahindi akasema, "Weka, mjukuu, ila usivisogeze kwenye moshi."

Chumba cha pili wanaishi mama wa mapacha na mumewe mchimbaji. Mguu wa mume ulikuwa umevimba tangu kabla ya mvua. Hospitali walimpa vidonge, hakuvimaliza, wakaenda kwa mganga, naye akawaambia mkono unaowachezea uko ndani ya ua wao. Tangu siku hiyo mama wa mapacha hakugusa tena chakula cha Bibi. Ua mzima tulijua. Bibi mwenyewe alijua, na bado kila asubuhi alikuwa anauliza mgonjwa ameamkaje.

Asubuhi moja nilikuwa chumbani napiga mswaki nikamsikia mama wa mapacha anaita. Hakupiga yowe. Angepiga yowe ningejua ni nyoka. Alisema tu, "Njooni muone," halafu akarudia kwa sauti ile ile. Alikuwa amepita jikoni kwa Bibi kuomba moto tu, si chakula, kama wanavyofanya ua mzima kuni zikiwa mbichi.

Nilichungulia kwenye pazia la dirisha. Ameshika ungo, na juu ya ungo amewapanga watu wangu tisa na Bibi wa Duara katikati. Nadhani ungo ndio uliokuwa karibu, lakini wewe unajua watu wanasema nani husafiria ungo. Wachimbaji walikuwa wanatoka vyumba vya mbele, na wengine wakaja kutoka kwenye karasha la jirani, ile mashine ya kusaga mawe, wakiwa na unga wake mpaka kwenye kope. Walikuwa na sururu kwa sababu walikuwa wanakwenda kazini. Hata hivyo sururu ni sururu.

"Bibi, hawa ni nani?" mama wa mapacha akauliza.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua choroko. "Vitu vya kazi vya fundi. Vya simu."

"Simu gani ina macho?"

Mchimbaji mmoja akamwinua wa tano, akaugeuza mguu wenye bandeji ili wote wauone. Mama wa mapacha akaweka mkono kifuani. Kisha mwingine akamwinua yule wa katikati, akamtazama, akamtazama Bibi, akamtazama tena. Na Bibi, siku hiyo kama siku zote, alikuwa amefunga lemba lake la kijani.

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Naandika hili kwa sababu sitaki kujipamba. Nilihesabu hatua mpaka ukuta wa nyuma. Nilifikiri bodaboda ipo pale barabarani, nikipanda naweza kuwa njiani kwenda Kagongwa kabla hawajaniulizia. Nilifikiri pia kwamba watamwonea huruma, ni mzee. Povu la dawa ya meno lilinikaukia mdomoni na miguu yangu haikusogea, wala mbele wala nyuma.

"Simama, mama," mmoja mwenye sururu begani akamwambia Bibi.

"Nisimame niende wapi?" Bibi akauliza. Aliuliza kweli, kama mtu anayetaka kuelekezwa njia. Nikasukuma mlango.

"Hao ni wangu," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kuliko nilivyotaka. "Nimewapaka mimi. Ni mchezo, tunachezea dukani."

"Fundi, usijitwike mzigo usio wako," yule mwenye sururu akaniambia, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha zaidi.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa ameshaitwa. Alifika na gamboti zenye tope, uso wa mtu aliyekatizwa chai. Nikakimbilia chumbani nikamletea kaunta buku, nikiamini akisoma ataona ni hadithi za kubuni. Jamani, akili yangu ilikuwa wapi sijui. Akafungua ukurasa wa yule wa tano, akasoma kwa sauti: "Bibi aliuchukua mguu mzima akauficha chini ya jiwe, akamwachia huu uliooza, akamwambia, utakaa hapa hapa." Siku zote nilikuwa naota kusikia maandishi yangu yakisomwa mbele ya watu. Mama wa mapacha akaanza kulia bila sauti.

"Mwenyekiti, niruhusu nilete rangi zangu," nikasema. "Nifanye mbele yenu. Mkiona siwezi, basi mimi mwongo."

Akakubali kwa kichwa. Nikaketi chini kwenye udongo mbichi na sanamu moja ya kijivu ambayo sikuwa nimeigusa. Mstari wa kwanza ulikwenda ovyo, nikaufuta kwa shati. Nikapaka suruali, nikapaka kofia, nikapaka uso. Watu wakasogea mpaka wakanizibia mwanga, nikawaomba wasogee, wakasogea. Nilipofika chini, yule mwenye sururu akasema, "Mpake na buti, huyu atachimbaje pekupeku?" Wawili wakacheka. Sikuthubutu kucheka, lakini nilimpaka buti.

Mama wa mapacha hakuwa amecheka. Alinyoosha mkono akaniwekea wa tano gotini. "Huyu mponye."

Nikakata bandeji kwa wembe. Nikaung'oa mguu mbovu, nikachukua mguu wa sanamu ya akiba, nikaubandika na kuushikilia mpaka gundi ikakamata. Alikuwa amechuchumaa karibu yangu kiasi kwamba nilisikia pumzi yake. "Na kwenye daftari," akasema. Nikafuta yote yaliyoandikwa juu yake, nikaandika kwamba alipata mguu wake, akapanda ngazi, akatoka juani, akaenda kwake kula. Akanifanya nisome mara mbili. Kisha akamfumbata yule mtu mdogo mkononi na kwenda naye ndani kwa mumewe, na sijamdai mpaka leo.

"Na huyu mzee je?" Mwenyekiti akauliza, kidole kwenye ungo.

Nikamchukua Bibi wa Duara. Nikafunika nyekundu yangu ya siku tatu kwa nyeupe, nikasubiri, nikaweka nukta mbili nyeusi kwa ncha ya sindano. Nikampa Mwenyekiti. Akamwinua juu. "Mmeona? Rangi tu. Nendeni kazini. Na mgonjwa arudishwe hospitali leo hii." Mmoja akapiga picha kwa simu. Wakaondoka wakizungumzia mambo ya winchi, kama watu waliotoka kutazama mpira.

Bibi alikuwa hajatoka kwenye kigoda. "Lete nimwone," akasema.

Nikampelekea. Akamweka karibu na pua, akamgeuza, akapapasa kichwa kwa kucha. "Lemba hili langu."

"Ndiyo, Bibi."

"Na yale macho ya mwanzo yalikuwa yangu."

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

Akanirudishia sanamu kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kikombe cha watu. "Haya yake umeyaweka meupe, wameridhika, wamekwenda," akasema. "Na haya yangu, mjukuu, utayapaka nini?"

Akajikokota akachukua choroko zake, akaingia chumbani, na nikasikia komeo likipita. Ilikuwa saa tatu asubuhi.