Siku Niliyosoma Barua Pepe ya Posa Mpaka Nukta ya Mwisho

Jamani, hili nalieleza kwa sababu shemeji zangu wameshalieleza sana kwa namna yao, na kwao mimi natoka mjinga kuliko nilivyokuwa (nilikuwa mjinga, sikatai, ila si kiasi hicho).

Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameshaingia mpaka vijijini, kila kampuni na herufi zake ubavuni mwa lori, na mimi nilikuwa nimetoka Mwanza na cheti cha kompyuta cha miezi mitatu. Mwalimu wetu alitufundisha kwamba RAM husomwa kama neno, "ramu", lakini CPU hutajwa herufi moja moja, "sii-pii-yuu", na ukichanganya anakucheka mbele ya darasa. Basi niliporudi Bariadi nikawa kero. Mtu akitaja herufi za lori nasahihisha, mchungaji akitaja herufi za shirika nasahihisha, mpaka mama akaniambia, "Milembe, watu wanakuchoka."

Sasa kaka yangu Masunga, aliyekuwa kazini Dar, alitaka kumuoa Kabula wa Sapiwi. Wazee wetu walikuwa wanakwenda kupeleka posa, na upande wa binti ulitaka kusikia kauli ya kijana mwenyewe, kwa hiyo Masunga akatuma barua pepe, nami asubuhi ile nikaenda kuichapisha pale mjini. Baba mdogo Sitta, aliyekuwa kiongozi wa msafara, alikuwa amevunja miwani yake, akasema, "Utatusomea wewe, msomi. Umeshaipitia?"

Nikasema ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimezungushia kalamu vifupisho tu, BTW, ASAP, NB na LOL, na njia nzima mdomo wangu ulikuwa unafanya mazoezi ya hiyo ASAP, maana wengine husema "asapu" na wengine "ei-es-ei-pii", na nilikuwa naogopa kukosea mbele ya wakwe.

Tukafika. "Mwadila!" tukaamkia kwa Kisukuma, tukaitikiwa vizuri, tukaketishwa sebuleni, harufu ya wali inatoka jikoni, mama yake Kabula amekaa mkekani na kanga mpya. Nikasimama nikasoma. Masunga anawaamkia wazee, anampenda Kabula, yuko tayari kwa utaratibu wote, anaomba majibu "ei-es-ei-pii" (yaani upesi iwezekanavyo; ilitoka safi, nikajisikia waziri), na baba yake Kabula anatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafika kwenye NB. Hapo nikawaeleza kabisa, "Hii ni en-bii, wazee wangu, maana yake zingatieni sana," na kwa mwendo uleule nikaendelea:

"Hii ni ya nyumbani tu. Kuleni mshibe kabla ya kwenda Sapiwi. Mama mkwe ana roho nzuri, ila wali wake hata kuku wanaukwepa."

Baba mdogo alinivuta sketi, lakini nilikuwa nimeshazungushia kalamu neno la mwisho, na mdomo ulishazoea. "El-o-el," nikasema.

Baba yake Kabula akauliza taratibu, "Hiyo nayo maana yake nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nikasema, "Maana yake anacheka sana, baba."

Baba mdogo akachukua kofia yake gotini, akanong'ona, "Umemkosesha kaka yako mke." Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, na nyuma ya pazia nilimsikia Kabula analia.

Mama yake akainuka, akaingia jikoni, akarudi na sinia la wali, akaliweka mbele yangu. "Aliyesoma ndiye atakayekula. Akimaliza, mazungumzo yataendelea."

Nikala. Jamani, Masunga hakusingizia. Chini umeungua, juu mbichi, na katikati nikakuta kijiwe, nikakimeza, maana kukitema kungekuwa kumtema wifi yangu. Nikakwangua sinia mpaka likang'aa.

"Unauonaje, ng'wanone, mwanangu?" mama yake Kabula akauliza.

"Mtamu, mayu, mama yangu. Kama upo, niongezeeni."

Baba yake Kabula ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mimi nimeula tangu nimuoe, na sijawahi kuomba nyongeza. Watu hawa wana adabu. Wapewe binti." Mama akampiga bega, kisha naye akacheka.

Harusi ilifungwa. Tangu siku ile karatasi naisoma mara mbili kwa macho kabla mdomo haujaambiwa kitu, na sisahihishi mtu, hata akiita CPU "kipu". Mama yake Kabula naye alikuja kununua simu, na kila nikialikwa Sapiwi ananitumia ujumbe mmoja, haubadiliki:

"NB: usile nyumbani."

Na mimi naenda na njaa.