Nilivyohojiwa na Mama Mkwe

Nilikuwa na mume, binti wa miaka mitano na kazi ya kupima maji nilipopata nafasi ya kwenda kusoma Ulaya. Kwa mwanamke wa umri wangu, hapa kwetu, nafasi ya namna hiyo huja imechelewa. Wenzangu wengi walikuwa washaufunga mlango wa masomo na kuweka kabati mbele yake. Mimi mwenyewe niliomba kwa sababu mkuu wangu wa kazi alinisukuma, na barua pepe ya kukubaliwa ilinikuta nimesimama maabarani na chupa ya maji ya kisima mkononi. Niliitua chupa kwanza, ndipo nikaisoma mara ya pili.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kisiwani kukusanya maji ya visima na kuyapima chumvi. Unguja tunakunywa mvua iliyozama ardhini. Maji hayo matamu yamekaa juu ya maji ya bahari huko chini, na tukiyavuta kwa pupa, bahari inapanda kushika nafasi yake. Hoteli zinavuta, mashamba yanavuta, na sisi watu wa mjini, mtaa wa Mpendae, tunavuta kwa mota tangu alfajiri. Nilijua kupima na kuandika namba. La kufanya baada ya namba ndilo nilikuwa silijui, na ndilo nililotaka kwenda kulisomea.

Mume wangu anafanya kazi bandarini, Malindi ya Unguja, anaendesha mtambo wa kunyanyulia makontena. Nilimwambia siku hiyo hiyo, alipokuwa akinawa mikono kwa chakula cha mchana.

"Mwaka mmoja na nusu," nilisema.

Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Huko baridi," akasema.

"Baridi."

"Basi tutafute koti."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa yake, na hadi leo sijamsikia akiirudisha.

Kwa mama yake mambo yalikuwa mengine. Tulikwenda kijijini kwake Chwaka kumpa habari, tukamkuta uani amekaa juu ya mkeka, anafunga mbegu za mwani kwenye kamba. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanisogezea kibao nikae. Mume wangu akaeleza yote, chuo, ufadhili, muda. Mama mkwe alisikiliza bila ya kuacha kufunga.

"Na mtoto?"

"Atakuwa na mimi," alisema mume wangu.

"Wewe uko bandarini mchana kutwa." Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe, mwanangu, utarudi?"

"N'tarudi, mama."

Alinitazama kidogo, akarudi kwenye kamba yake. Wakati wa kula alinitilia kipande kikubwa cha samaki kuliko cha mwanawe, lakini habari ya safari hakuigusa tena. Nilirudi mjini nikiamini kwamba hanitaki niende, na kwamba ananiona mke wa kukimbia nyumba.

Matayarisho yakaanza. Nilikwenda kupiga picha ya visa kwa mpiga picha mmoja wa Mkunazini, kwenye chumba chembamba kilichobanwa na ngazi. Kila aliponyanyua kamera nilijikuta natabasamu. "Dada, usicheke," aliniambia. "Hawa watu wa visa hawataki furaha." Maneno yake yakazidi kunichekesha, na ikabidi anitoe nje nikapumue barazani kwanza. Picha iliyokubalika mwisho ni ya mwanamke aliyefiwa.

Mwenzangu mmoja kazini, ambaye ndugu zake wengi wako nje, alijitolea kunifundisha mahojiano. "Jibu kwa ufupi," alinisisitizia. "Wakikuuliza kama utarudi, taja kazi, taja kiwanja, taja familia. Usieleze. Ukieleza watadhani unatunga." Nikayahifadhi majibu yale kama mtoto wa chuo cha Kurani anavyohifadhi sura fupi fupi. Nikiosha vyombo, nayasoma. Nikimvisha mtoto sare za skuli, nayasoma.

Ubalozi uko Dar es Salaam. Nilivuka kwa boti ya asubuhi, na mume wangu akaja kuniaga gatini na nguo zake za kazi, kofia ngumu kichwani, maana ilikuwa zamu yake. Huko ubalozini nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka nikaitwa kidirishani. Nyuma ya kioo alikuwa kijana mwenye ndevu nyekundu, mpole, mwenye mafua. Aliniuliza kwa Kiingereza nakwenda kusoma nini, nikajibu. Akauliza nani atalipa, nikajibu. Kisha akasema, "Una mume na mtoto mdogo. Ukimaliza, kitu gani kitakurudisha Zanzibar?"

"Kazi yangu, familia yangu na kiwanja chetu," nilisema.

Alisubiri. Sasa najua kwamba alikuwa akisubiri niendelee. Mimi nikanyamaza kama nilivyofundishwa, nikamtazama anavyopenga kamasi. Akaniambia asante, nitapata majibu.

Majibu yalikuja kwa barua pepe baada ya wiki chache. Nilinyimwa. Hawakuridhika, waliandika, kwamba nilikuwa na nia ya kurudi nyumbani baada ya masomo. Nilikuwa peke yangu jikoni, napepeta mchele. Niliendelea kupepeta mpaka mchele wote ukawa safi, kisha nikakaa chini sakafuni nikalia. Watu wa mtaani walikuwa washajua kwamba nasafiri; jirani mmoja alikuwa hata keshaniagiza nimletee krimu ya uso. Sikujua nitawaambia nini. Na lililonichoma zaidi ni lile neno lenyewe, kwamba mtu asiyenijua amekaa mahali akaamua kwamba mimi nitamwacha mwanangu.

Chuo kilikubali kunishikia nafasi hadi muhula unaofuata, na mume wangu akasema naweza kuomba tena. Nilimwambia sitaki. Akatikisa kichwa, akaenda zake uani kupiga simu.

Siku ya pili yake mama mkwe akaja kutoka Chwaka. Alibeba samaki wa kukaanga, ndimu na kidumu cha maji ya mvua ya kunywa, kwa sababu haamini maji ya mjini. Nikajiandaa kwa maneno. Nilidhani amekuja kuniambia kwamba Mungu amepitisha la kheri, nitulie nilee mtoto wangu. Nilimwekea chai ya mchaichai, nikakaa mbali naye kidogo.

"Walikuuliza nini huko?" akaanza.

Nikamweleza maswali yote.

"Na hilo la kurudi, ulijibu vipi?"

"Nilisema kazi yangu, familia yangu na kiwanja chetu."

Akanywa chai, akaitua.

"Basi hata mimi ningekunyima."

Nilishtuka mpaka nikasahau adabu. "Mama, kwani wewe si hutaki niende?"

"Nani kakwambia?"

"Ulivyonyamaza siku ile."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. Ndipo aliponihadithia jambo ambalo mume wangu mwenyewe alikuwa akilijua nusu nusu tu. Alikuwa na kaka yake, mkubwa kwake, aliyepanda meli Malindi akiwa kijana, kwenda kuwa baharia. Mwanzoni zilikuja salamu na vitambaa vya mama yao. Kisha salamu tupu. Kisha kimya. "Mama yetu alikuwa akimwekea sahani yake ya futari kila Ramadhani," alisema. "Tukishakula sote, anawapa majirani. Mpaka amekufa alikuwa akiiweka. Na mimi leo sijui kaka yangu yu hai au keshakufa."

Nikamwongezea chai.

"Siku ya kuondoka nilimuuliza, utarudi? Akanambia n'tarudi, nna shamba, nna mama, nna nyinyi. Kwa haraka hivyo hivyo, kama anahesabu mizigo. Na wewe ulipokuja Chwaka nikakuuliza, ukanijibu n'tarudi mama, upesi kuliko yeye. Nikanyamaza kwa sababu niliogopa. Kutaka uende, nnataka. Lakini hukunijibu bado." Akavaa miwani yake, akajiweka sawa kwenye mkeka. "Haya. Mimi ndiye mzungu. Nijibu."

Nilicheka kwa machozi, lakini yeye hakuwa akicheka.

"Unakwenda kusoma nini?" aliniuliza kwa sauti ya ukali ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Maji, mama."

"Maji gani? Huko hakuna maji ya kunywa mpaka wakuite wewe?"

Nikaanza kumweleza. Nilimkumbusha kisima cha nyuma ya nyumba yao, ambacho sabuni haitoi povu tena na chai yake ina ladha ya chumvi. Nilimwambia kwamba mimi nimeyapima maji yale mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, na nikaona chumvi inavyopanda, nikaandika namba kisha nikaondoka, kwa sababu sikuwa na jingine la kuwapa wenye kisima. Nikamwambia kwamba ziko nchi ambako watu wanairudisha mvua ardhini kwa makusudi ili iisukume bahari, na ninataka kuona wanavyofanya, nije niseme hapa tuchimbe wapi na tuache wapi.

"Na huko wakikupenda, wakikupa kazi nzuri?"

Jibu la kuhifadhi lilikuja ulimini. Nililiacha. Nilikaa nikifikiri, na yeye akanisubiri.

"Naogopa hilo," nilisema mwisho. "Sijui n'takuwa nani nikifika huko. Labda n'tapapenda. Lakini mtoto wangu anajifunza kusoma sasa hivi, mama, na n'takosa mwaka na nusu wa maneno yake. Siwezi kukosa zaidi ya hapo. Na elimu nnayoifuata ni ya kisiwa hiki. Kule itakuwa kama nimejifunza kushona nguo ya mtu ambaye hayupo."

Mama mkwe akaimaliza chai yake. Kisha akasema, "Hilo nimelisikia."

Akainuka, akaenda kutazama chumba cha mtoto, akarudi. "Kitanda changu kitaingia pale penye dirisha," alisema. "Mwani n'tamwachia mdogo wangu msimu huu na ujao. Wewe kaombe tena."

Mara ya pili nilivuka bila ya kuhifadhi kitu. Nilikuwa na wasiwasi uleule. Safari hii nyuma ya kioo alikuwa mama wa makamo, nywele fupi za mvi, anayesoma karatasi zangu kwa kidole. Aliona kwamba nilikwishanyimwa. Akaniuliza kuna nini kilichobadilika.

"Mama wa mume wangu amehamia kwetu kumlea mtoto," nilisema. "Na mara ya kwanza sikueleza vizuri. Ukinipa nafasi, nitaeleza."

"Eleza," akasema.

Nikaeleza. Kiingereza changu kilijikwaa hapa na pale, nikakiinua nikaendelea. Aliniuliza kama ni kisima kimoja chenye chumvi au vyote. Aliniuliza kwa nini upande mmoja wa kisiwa umedhurika kuliko mwingine, na hapo nikasahau niko wapi. Nilimchorea kisiwa kwa kidole juu ya meza ya kidirishani, mahali pa jiwe la matumbawe na mahali pa udongo, maji matamu yalivyokaa juu ya ya chumvi kama samli juu ya mchuzi. Yule mama akainamia kioo kutazama mchoro usioonekana. Nilipomaliza nikaona aibu, nikaiondoa mikono.

"Na ukimaliza kusoma?" aliuliza.

Nikamjibu kama nilivyomjibu mama mkwe, pamoja na ile hofu. Nilipoitaja hofu alininyanyulia macho, akaandika kitu. Hakutabasamu. Aliniambia asante, nitapata majibu, maneno yaleyale ya mwenzake. Nikatoka nikiwa sijui kama nimejenga au nimebomoa, ila nilijua kwamba waliyoyasikia safari hii ni yangu.

Pasipoti ilirudi na visa ndani yake. Mume wangu ndiye aliyeipokea mjini, akanipigia simu kutoka bandarini, na kelele za winchi nyuma yake zilinifanya nisisikie ila neno moja, "Imo! Imo!" Mama mkwe alikuwa uani anaanua nguo. Nilipomwita akaitika naam, nikamwonesha dole gumba tu. Alizikumbatia zile nguo zote kifuani, akakaa nazo kizingitini, akaanza kusoma dua kwa sauti ndogo. Mwanangu akaja kuuliza bibi analia nini. Nikamwambia halii, anashukuru.

Sasa nayaandika haya kwenye chumba cha wanafunzi chenye dirisha la vioo viwili, na nje kila kitu ni cheupe. Muhula wa kwanza ulinivunja. Muhula wa pili nimeanza kuuliza maswali darasani, na mwalimu wangu ameomba nilete namba zangu zote za visima vya Unguja tuzitazame pamoja. Nyumbani wanapiga simu kila Ijumaa baada ya sala. Jana mume wangu alinitumia picha ya mwanangu akienda skuli. Baba mtu amemsuka mwenyewe, mistari imekwenda kombo, mmoja umeanzia kwenye paji na kuishia sikioni. Chini ameandika, "Nnajifunza." Nimeichapisha, nimeibandika juu ya meza yangu, na Wazungu wanaopita chumbani huniuliza kama huo ndio mtindo wa kwetu. Nawaambia ndio.