Kompyuta Isiyoguswa ya Mama Miguu

Barua ilisema Ijumaa. Kompyuta zote za hospitali, kuanzia ya mapokezi hadi ya karakana ya miguu ya bandia, zingewekewa mfumo endeshi mpya, na kila msimamizi wa kitengo alitakiwa kutia saini kwamba amepokea, amesoma na amekubali. Mama Miguu alipokea. Alisoma mara mbili, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Alipofika kwenye kukubali aliiweka kalamu chini, akaikunja barua mara nne na kuisukuma chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza.

"Angalau sasa ina kazi," alisema, ingawa karakanani hakukuwa na mtu.

Jina lake la kwenye kitambulisho lilijulikana na watu wa mishahara tu. Wengine wote, wagonjwa na wauguzi, hata walinzi wa getini, walimwita Mama Miguu, na yeye mwenyewe alikuwa akiitika hivyo kwenye simu. Alikuwa na miaka hamsini na minne, mikono mipana yenye chokaa ya plasta kwenye kucha, na mazoea ya kuangalia watu chini kabla ya kuwaangalia usoni. Mtu akiingia mlangoni, yeye alishajua anaegemea upande gani kabla hajajua kama ni mwanamume au mwanamke.

Kazi yake, akikueleza, ilikuwa rahisi. Mguu uliokatwa huacha kigutu, na hakuna vigutu viwili duniani vinavyofanana. Alikipima kwa utepe na kwa vidole, akaingiza namba kwenye kompyuta, na kompyuta ikaiambia mashine ya kuchonga izungushe bonge la povu gumu mpaka litoke umbo lile lile. Juu ya umbo hilo alivuta plastiki ya moto, ikapoa, ikawa kikombe cha kuvalia mguu. Kikombe kikikosea kwa upana wa ukucha, mtu anapata kidonda. Kikikaa sawa, anasahau kwamba amekivaa, na Mama Miguu hakuwahi kutaka shukrani nyingine zaidi ya kusahauliwa huko.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na miaka kumi na saba. Ilipoletwa ilikuwa nyeupe. Sasa ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ikiwashwa ilikohoa, ikafikiri, ikakohoa tena, halafu ikafunguka pale pale ilipofunguka jana na mwaka juzi, vitufe vyote vikiwa mahali pake. Waliotengeneza mashine ya kuchonga walishafunga kiwanda, na programu ya kuzungumza nayo ilikubali mfumo ule wa zamani tu. Mwaka virusi vilipoingia mapokezi na kufuta orodha nzima ya wagonjwa, Mama Miguu alichomoa waya wa intaneti, akaupiga fundo, asije mtu mwema akauchomeka.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Katika mji wa jirani kulikuwa na karakana kama yake, yenye mashine kama yake. Walisasisha kompyuta Jumatatu asubuhi. Kufikia Jumatatu jioni mashine ya kuchonga ilikuwa haisikii la mtu, na tangu siku hiyo wanaitumia kuwekea birika la chai. Wagonjwa wao sasa walipanda basi kwa saa sita kuja kwake, wengine wakiwa wamefunga vikombe vyao vilivyopasuka kwa gundi ya karatasi.

Kuhusu masasisho kwa jumla alikuwa na maoni, na hakuyaficha. Simu yake ilijisasisha usiku mmoja bila kumwomba ruhusa, na asubuhi kitufe cha kupokelea kikawa kimehama. Alikata simu tatu za mkwewe kabla hajakipata. Mkwe hajamsamehe hadi leo.

"Wangekuwa wanaboresha nisingesema," alimwambia bintiye, mwalimu wa kompyuta wa sekondari, Alhamisi jioni wakichambua mboga. "Wanahamisha. Mtu akija kwako akahamisha jiko chumbani na kitanda jikoni, utasema kakuboreshea nyumba?"

"Mama, mfumo ule hauna kinga tena. Hata waliouandika wameshauacha. Ukipata hitilafu hakuna wa kumpigia."

"Na mimi nimempigia nani miaka kumi na saba?"

"Diski ile siku moja itakufa tu. Siku hiyo utafanya nini?"

"Nitaizika."

Binti alicheka, lakini hakuacha. "Na wewe ukistaafu? Au ukiumwa tu wiki mbili?"

Mama Miguu alisema mboga zina mchanga mwingi mwaka huu, akaenda kuongeza maji.

Ijumaa, kabla ya saa tatu, afisa wa mifumo alifika karakanani na begi mgongoni na kishikwambi mkononi. Alikuwa mtu wa miaka thelathini hivi, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyeshafukuzwa ofisi nne asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Usiguse."

Kwenye kitanda cha kupimia alikuwa amekaa refa, mteja wake wa miaka mingi, suruali imekunjwa hadi gotini. Alipoteza mguu wa kulia kwa ajali ya pikipiki na bado alichezesha mechi za vijana kila wikendi. Sasa kigutu kilikuwa kimekonda, na kikombe kilimgongagonga akikimbia. Wiki iliyofuata kulikuwa na mtihani wa mbio wa waamuzi, na alikuwa ameshapimwa upya, akingoja kuchongewa umbo jipya.

"Mimi sina haraka," alisema refa, akijiegemeza ukutani. "Endeleeni. Nimezoea kuangalia watu wakibishana."

Mkuu wa idara aliingia nyuma ya afisa, mtu wa umri wa Mama Miguu, aliyeanza naye kazi mwaka mmoja. Alifunga mlango taratibu, jambo alilofanya pale tu alipojua atapigiwa kelele.

"Dada, najua utasema nini."

"Basi nikupunguzie kazi, nitoe jibu lenyewe: hapana."

"Sikuombi. Kompyuta itakayobaki na mfumo wa zamani hadi leo jioni itaondolewa. Ni amri ya juu."

"Hata ile isiyo na waya?"

"Yote."

Afisa alikohoa. "Mama, mashine haitakufa. Nimetafuta programu mpya inayoiongelesha, na nina kiunganishi cha waya. Nipe dakika kumi. Nitatumia laptopu yangu. Yako sitaigusa, nitanakili kumbukumbu tu. Ikishindikana nitaandika mwenyewe kwamba karakana hii iachwe."

Hilo Mama Miguu hakuwa amelitarajia. Alijiandaa kupigana na mtu wa kubomoa, akaletewa mtu wa adabu. Alimtazama refa, refa akainua mabega.

"Dakika kumi," alisema Mama Miguu. "Kwa saa ya ukutani, si ya kishikwambi."

Afisa alinakili, akachomeka, akafungua jalada la refa na namba zake mpya. Mama Miguu alisimama kando na mikono kifuani, akingoja ule ukimya wa mji wa jirani. Badala yake mashine iliunguruma. Kisu kilishuka, povu likaanza kuzunguka, na vumbi jeupe likamwagika kama kawaida, pengine kwa kasi zaidi. Mama Miguu alishusha mikono. Mkuu wa idara aliangalia dirishani, kwa heshima, ili asionekane akitabasamu.

"Unaona, mama," alisema afisa, naye hakuwa na majivuno. "Na hii inatumia theluthi mbili ya muda."

Mashine ilisimama. Mama Miguu alichukua umbo lile kwa mikono miwili, kama alivyochukua mamia kabla yake, na vidole vyake vikajua kabla ya macho. Pale palipotakiwa pawe na nundu ya mfupa mwembamba, upande wa nje, palikuwa laini. Nundu ilikuwa ndani. Aligeuza, akageuza tena. Halafu alilipeleka kwa refa na kulisogeza karibu na kigutu chake.

Refa alilipapasa.

"Huu ni wa kushoto," alisema. "Sasa ndugu zangu, nikakatwe na huu mwingine, au mtanirudishia huu kwanza?"

Afisa aliinamia skrini. Alisoma, akasoma tena, akageuza laptopu ili wote waone. "Programu haijakosea. Kwenye jalada imeandikwa kushoto. Ya zamani ilikuwa haisomi upande, inachonga namba tu. Hii inasoma, ikapanga ndani na nje kufuatana na ulichoandika. Mama, kumbukumbu zako ndizo zenye makosa."

Mama Miguu alivua miwani, akaifuta vumbi na pindo la koti, akaivaa.

"Hazina makosa," alisema. "Mimi hukaa hapa, mgonjwa hukaa pale. Mguu wake wa kulia uko upande wangu wa kushoto. Aliyenifundisha aliniambia andika unachokiona, nami nimeandika ninachokiona kwa miaka ishirini na miwili. Hakuna mtu aliyetoka mlango ule na mguu wa mwenzie. Bwana refa, wewe umevaa mingapi?"

"Minne," alisema refa. "Yote ya kulia."

"Dada," mkuu wa idara alisema, na sasa hakukuwa na tabasamu tena. "Kwa hiyo wewe ukiwa hupo, fundi mwingine akifungua jalada lolote humu ndani, atachonga kinyume."

Lilikuwa swali lile lile la bintiye jana, na safari hii hapakuwa na mboga za kuosha. Alijua amebanwa. Alijua pia kwamba mtu aliyebanwa akirudi nyuma hatua moja atasukumwa mpaka getini.

"Ndiyo," alisema. "Hilo ni langu. Niandikieni."

"Halina shida, mama," afisa alisema haraka, akitaka kumwokoa. "Nitageuza zote. Kushoto iwe kulia, kulia iwe kushoto. Amri moja, dakika moja, tumemaliza."

Mama Miguu alimgeukia, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alicheka.

"Mwanangu, kaa chini. Kulikuwa na fundi mwenzangu hapa miaka tisa, amestaafu. Yeye aliandika kwa upande wa mgonjwa. Tulibishana mpaka tukachoka, kila mmoja akabaki na lake. Majalada yamo humo mia nane na kumi na mawili, yake na yangu yamechanganyika, na hakuna aliyetia jina. Ukigeuza yote, yangu yatapona na yake yataharibika. Usipogeuza, yake yamepona na yangu yameharibika. Kompyuta yako mpya itayajuaje?"

Afisa alikuwa mtu mkweli. "Haitajua."

"Nani atajua?"

Akajibu mwenyewe. "Mwenye mguu atajua, na mimi nikimwona. Kwa hiyo sikilizeni. Kila mgonjwa atakayekuja, nitafungua jalada lake mbele yake, nitamwuliza, nitaandika upande wake yeye. Wasiokuja nitawapigia simu. Mpaka jalada la mwisho, kompyuta hii haiondoki, haisasishwi, haifutwi vumbi na mtu mwingine. Siku nitakapomaliza, mtakuja na begi lenu na nitawafungulia mlango mwenyewe."

"Hiyo ni miaka miwili," alisema mkuu wa idara.

"Miwili na nusu. Kuna waliohama."

"Na amri ya juu nitaiambia nini?"

"Iambie ije ivae huu." Aliweka umbo la povu mikononi mwake. Mkuu alilishika vibaya, kama mtu aliyepewa mtoto wa watu, na hakupata mahali pa kuliweka.

Afisa alimsogezea kishikwambi. Fomu ilihitaji jibu la msimamizi wa kitengo ndipo afunge ripoti yake. Chini kulikuwa na visanduku viwili: *Nakubali sasa* na *Nakubali baadaye*.

"Na cha kukataa kiko wapi?"

"Hakipo, mama."

"Waliotengeneza hii hawajawahi kukataliwa?"

"Mimi nadhani hawakuwahi kuuliza," alisema afisa, akakuna shingo, akatoa daftari begini na kulifungua kwenye ukurasa mtupu. "Andika hapa. Nitaipiga picha, niiambatanishe. Ukweli ni kwamba nami sitaki jina langu kwenye mguu wa kinyume."

Mama Miguu aliandika kwa herufi kubwa, bila haraka. Aliandika kwamba anakataa, na kwa nini, na hadi lini. Kisha akaongeza mstari ambao hakuna aliyemwomba: kwamba kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akiandika pande za watu kwa jicho lake badala ya mwili wao, kwamba kosa hilo ni lake, na kwamba atakayelirekebisha ni yeye na si amri ya dakika moja. Alitia saini na kumsogezea mkuu wa idara, ambaye alisoma huku povu likiwa kwapani.

"Umejishtaki mwenyewe," mkuu alisema.

"Nimejishtaki kwa masharti yangu. Tia saini."

Mkuu alitazama mlango, akatazama refa, ambaye alikuwa ameinua mkono juu kana kwamba anaonyesha kadi. Akatia saini.

Walipotoka, Mama Miguu aliwasha kompyuta ya rangi ya chai. Ilikohoa, ikafikiri, ikakohoa. Alifungua jalada la refa, akavuta kiti, na badala ya kukaa mahali pake pa siku zote akakihamisha hadi ubavuni mwa kitanda, bega kwa bega na mgonjwa, wote wakitazama upande mmoja.

"Mguu gani, bwana refa?"

"Mama, unaujua."

"Sikuulizi ninachokijua."

"Wa kulia."

Alifuta neno, akaandika lingine. Yalibaki majalada mia nane na kumi na moja.