Nilivyolikataa Somo la Benki

Niliambiwa nichague masomo yangu ya uchumi kwa akili, si kwa moyo. Aliyeniambia alikuwa mjomba wangu, na akili aliyotaka nitumie ilikuwa yake.

Ilikuwa miaka ile ya tisini ambapo ukimaliza kidato cha nne na kupita vizuri, unakaa nyumbani mpaka uchoke, ukingoja chuo kikuu kikuite, kwa sababu waliokutangulia bado wamejaa kule. Mimi nilikaa kwetu, karibu na Laare, na katika kukaa huko nikapata mtoto. Nasema mapema ili msomaji asianze kulinyemelea jambo hili kama siri. Nilipata mtoto wa kike. Baba yake akaenda zake. Barua ya chuo ilipofika ikisema nimepata nafasi ya kusomea uchumi, mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kushikwa, na kijiji kilikuwa kimeshanizika na kurudi nyumbani kunywa chai.

Barua ilisema tutachagua upande siku ya kuandikishwa. Kulikuwa na pesa na benki. Kulikuwa na kilimo na masoko, upande uliokuwa na hesabu nyingi kuliko mingine. Kulikuwa pia na mambo ya viwanda na wafanyakazi. Sikumuuliza mtu. Nilijua ninachotaka kabla sijaikunja ile barua.

Sababu yangu ilianzia barabarani. Mama yangu ni Mwembu aliyeolewa Igembe, na kazi yake ilikuwa kuuza majani ya migomba pale Laare. Miraa ikishachumwa hufungwa kwa majani hayo isinyauke, kwa hivyo penye miraa hapakosi mwanamke na mzigo wa majani. Hapo ndipo tuliporuhusiwa. Kwetu mwanamke hachumi miraa. Wazee wengine hawataki hata apite chini ya mti, watakwambia mti utakauka. Karo yangu yote ya sekondari, kule Embu nilikokuwa bweni, ilitoka kwenye miti ya baba, na sijawahi kusimama chini ya hata mmoja. Mti unanisomesha lakini kivuli chake ni haramu kwangu. Mniambie kama hiyo haitoshi kumkasirisha mtu.

Basi nilikuwa nakaa na mama pale barabarani, mtoto mgongoni, na kwa kuwa hakuna anayemjali muuza majani, niliangalia nilivyotaka. Wakulima walikuja na miraa asubuhi, wote kwa wakati mmoja, jasho likiwatoka, kila mmoja akitaka kuuza kabla jua halijapanda. Miraa ikinyauka ni kuni. Wanunuzi walikuwa wameshafika zamani. Walikaa ndani ya pikapu zao, milango wazi, wakila mandazi. Hawakushuka. Mkulima ndiye aliyekwenda dirishani kubembeleza. Jua likipanda, bei inashuka. Ikishashuka vya kutosha, mnunuzi anapangusa mafuta mikononi, anaruka chini, na ghafla ana haraka kuliko watu wote, kwa sababu miraa ile lazima iwahi ndege Nairobi. Kumbe naye alikuwa akifukuzwa na saa! Tofauti ni kwamba yeye aliijua saa ya mkulima, na mkulima hakuijua yake.

Niliona hivyo siku moja, nikaona siku nyingine, na siku ya tatu aliyebembeleza dirishani alikuwa baba.

Jioni alirudi, akavua kofia, akasema, "Bei leo imeanguka. Ni mambo ya Mungu."

"Bei si ya Mungu, baba," nikasema. "Ni ya yule mtu aliyekuwa kwenye pikapu anakula mandazi."

Aliniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea.

"Wewe ulikuwa unafanya nini na miraa?"

"Nilikuwa nauza majani."

"Basi uza majani."

Yakaisha hapo. Nilidhani yameisha.

Jumapili iliyofuata akaja mjomba, kaka ya mama, kutoka Embu. Mjomba alikuwa tarishi katika benki moja huko. Kazi yake ilikuwa kupeleka bahasha, kazi halali, lakini alivyokuwa akiizungumzia ile benki ungedhani ameijenga kwa mikono yake. Alikuja na mkate chini ya kwapa na ushauri mdomoni.

"Chagua pesa na benki, mama," akaniambia. "Hapo hakuna kufikiria. Wasichana wa pale kwetu nawaona kila siku. Sketi nyeusi, kiatu cha kisigino, na kiti kinazunguka hivi." Akazunguka kwenye kigoda kutuonyesha, nusura aangukie jikoni.

"Na wanafanya nini kwenye hicho kiti?"

"Wanafanya? Wanahesabu pesa!"

"Za nani?"

"Za watu."

"Sasa mjomba, nisome miaka yote hiyo nikahesabu pesa za watu?"

Nilimsikia mama akikohoa jikoni. Kikohozi hicho nakijua, ni kicheko.

"Haya, wewe mwenyewe unapenda nini?" mjomba akauliza, kwa ile sauti ya kumuuliza mtoto anataka peremende gani.

Nikamwambia. Nikasema nataka kilimo na masoko, na hesabu zake zote. Nataka kujua kwa nini aliyelima ndiye anayeharakishwa. Kwa nini pale sokoni Gakoromone mama wa nyanya akifika asubuhi ana bei, na jioni anawagawia watu. Kwa nini mtu wa Kiirua anavuna viazi vizuri halafu anamngoja mwenye lori kama anayengoja posa. Niliongea mpaka chai ikapoa.

Baba ndiye aliyejibu. "Kilimo ni jembe," akasema. "Jembe liko pale nyuma ya nyumba. Halina karo."

Mjomba akacheka mpaka akajipiga paja. "Shemeji, umemaliza!" Hata mimi ningecheka kama anayechekwa angekuwa mwingine.

Lakini baba hakuwa anatania. Aliweka kikombe chini.

"Sikiliza, mwanangu. Ukienda kusoma benki, mtoto atabaki hapa na mama yako, na hatakosa maziwa. Ukienda kusoma miraa, mambo ya wanaume, mchukue uende naye. Sitalea mtoto nyumbani kwangu ili mama yake apate nafasi ya kunichunguza."

Kunichunguza. Nilijua basi kwamba lile neno la mandazi halikuwa limemtoka. Nilikuwa nimemwona dirishani akibembeleza, na hilo ndilo hakutaka nilisomee.

Nikamfuata mama jikoni. Alikuwa akiponda mukimo, viazi na mahindi, na hakunitazama.

"Hiyo ya benki unaichukia?" akauliza.

"Hapana. Sina neno nayo."

"Na hii nyingine, unaipenda?"

Nikafikiri. "Inanikasirisha."

Akaponda kidogo. "Hata mimi baba yako ananikasirisha kila siku," akasema, "na bado niko hapa."

Nimekutana na watu wengi wa kushauri tangu siku ile, na hakuna aliyeniambia jambo lenye maana kuliko hilo. Benki ningeisoma. Ningepita. Ningekariri, nikaandika, nikasahau nikitoka mlangoni. Lakini yule mtu wa pikapu nilikuwa nalala naye kichwani na kuamka naye, nabishana naye nikifua nepi. Kama kuna msichana anasoma hapa na hajui achague nini, ajiulize anagombana na nini akiwa peke yake. Aende akasomee hicho. Mambo ya sketi atayapanga baadaye.

Mama angeweza kurudi pale sebuleni akasema, mtoto ni wangu, atabaki. Hakusema. Alinifungia leso mbili na mukimo wa njiani, akanionyesha tena jinsi ya kumfunga mtoto mgongoni asiinamishe shingo, kana kwamba sikuwa nikimbeba kila siku. Hilo nalo linanikasirisha mpaka leo, na simsamehe kwa haraka. Baba alitusindikiza mpaka barabarani. Alimbeba mtoto njia nzima, akanikabidhi, akageuka. Alikuwa amesema neno lake na alilitimiza. Mimi pia nilikuwa nimesema langu.

Chuoni hosteli hazikupokea watoto, kwa hivyo kabla ya kuandikishwa nilikuwa nimeshapata chumba cha mabati kando ya lango, na jirani mwenye watoto wake aliyekubali kunitunzia wangu wakati wa masomo. Siku ya kuandikishwa jirani huyo hakuwepo. Nikaenda na mtoto.

Ukumbi ulikuwa na meza nyingi, na kila meza na foleni yake. Ya benki ilizunguka mpaka nje. Ya kilimo na masoko ilikuwa na wavulana wachache na mhadhiri mmoja mwenye tai.

"Dada, umepotea?" akasema nilipofika. "Hapa ni kilimo na masoko."

"Sijapotea."

"Na huyu?"

"Ni wangu."

Akashusha kalamu. "Nikushauri kama mzazi. Upande huu una hesabu kila muhula. Wasichana wenye majukumu huwa wanachukua benki. Ni nyepesi kidogo."

Nikampandisha mtoto mgongoni. "Kama ningetaka nyepesi, mwalimu, huyu angekuwa Laare sasa hivi anakunywa maziwa."

"Na hesabu utazifanya saa ngapi?"

"Akilala."

"Na asipolala?"

"Atazisikia."

Wavulana nyuma yangu wakaangua kicheko. Mhadhiri hakucheka. Alinitazama kwa uchovu wa mtu aliyewaona wengi. "Kila mwaka wanakuja hapa na maneno makali," akasema. "Tutaonana kwenye mtihani."

"Tutaonana," nikasema.

Akatia sahihi. Akanionyesha kwa kalamu meza ya mwisho, ambapo wa upande wetu walijiandikisha kwa somo la hesabu pamoja na wa idara nyingine, na huko foleni ilikuwa ndefu. Mtoto aliamka nikiwa bado natembea, na akalia kilio cha njaa, kile kinachojaza nyumba. Ukumbi mzima ukageuka.

"Mpisheni mama mtoto!" mtu akapaza sauti.

Wakapisha. Sijui kama ni kwa huruma au kwa kelele, na sikusimama kuuliza. Nilimzungusha mtoto kifuani, nikampa ziwa hapo hapo, nikapita mbele ya wavulana wote wale, na kwa mkono uliobaki nikaandika jina langu.