Mayai Ndani ya Friji Mbovu

Watu walimwita Fundi Baridi, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kwa miaka ishirini na sita alitengeneza friji za watu: za mabucha, za maduka ya soda, za majumbani ambako nyanya zilioza kabla ya Jumatano. Ukimwonyesha friji iliyogoma, aliweka kiganja juu ya kompresa, akainamisha kichwa kama mtu anayenong'onezwa, kisha akakutajia ugonjwa wake. Masikio yalikuwa yameanza kuziba kwa kelele za kazi hiyo. Msemaji hakuwa tangu kuzaliwa.

Mwaka ule mama mkwe wake akahamia kwake. Bibi huyo alikuwa amefuga kuku tangu ujana wake, akiwajua mmoja mmoja kama mwalimu anavyojua darasa. Lakini macho yalimtupa mkono, akabaki kuona mwanga na vivuli tu. Siku alipojikwaa kwenye ndoo akaumia nyonga, bintiye alisema yatosha, akaenda kumchukua. Kuku wakagawiwa majirani. Mama akapewa chumba cha nyuma, na kiti cha mgongo mrefu kwenye korido. Hapo alishinda kutwa, mikono mapajani, kama abiria aliyewahi kituoni.

"Sina neno, mwanangu, sina neno," alijibu kila alipoulizwa hali.

Fundi alimheshimu mkwewe hadi heshima ikageuka ububu. Baina yao ilikuwa shikamoo na marahaba, basi. Akiwa na la zaidi, alilipitisha kwa mkewe. Kwa hiyo hakumwambia mtu sababu iliyomfanya, wiki moja, aivute friji mbovu ya mlango mmoja iliyokuwa ikila vumbi karakana, akaisugua, akang'oa kompresa, akafunga balbu mbili, kidhibiti joto na feni ndogo ya kompyuta, akatoboa tundu mbili za hewa. Akaiweka stoo, ukuta mmoja na chumba cha mama.

Mkewe, aliyekuwa karani wa shule, akasimama mlangoni mikono kiunoni.

"Miaka yote unatafuta baridi. Leo unatafuta joto?"

"Najaribu tu kuangua mayai."

"Na hao vifaranga watalala wapi, kabatini na sahani zangu?"

"Watoke kwanza."

Akanunua mayai thelathini kwa mfugaji mwenye majogoo, akayatia alama kwa penseli, duara upande huu na msalaba upande wa pili, ili ajue lipi limegeuzwa. Mayai hugeuzwa mara tatu kwa siku, maana hata kuku mwenyewe huyageuza kwa mdomo. Yakiachwa, mtoto hunata kwenye ganda. Joto liwe nyuzi thelathini na saba na nusu. Hayo yalimfaa fundi, kwa kuwa yalikuwa namba, na yeye na namba walikuwa wakielewana. Kila mchana aliacha kazi alikokuwa, akapanda pikipiki kuja kugeuza.

Siku ya nne mama akafika stoo akipapasa ukuta, bintiye nyuma yake. Mlango wa friji ulikuwa wazi. Akaingiza mkono, akauacha humo kidogo, akautoa.

"Mwambie mumeo mayai yana kiu."

Fundi alikuwa hatua mbili kutoka hapo. "Mwambie mama nimesikia," akasema, na jioni ileile akaongeza ndani bakuli la pili la maji, hewa ipate unyevu. Mkewe alikimbilia jikoni kicheko kimembana.

Siku ya saba wakazima taa, fundi akayamulika mayai kwa tochi, moja moja. Matano yalikuwa meupe pee, hayana kitu. Katika yale ishirini na tano mengine ilionekana mishipa myembamba myekundu, na katikati yake kidoa. Fundi akajisahau.

"Kinacheza, mama. Kama nukta inayotaka kukimbia."

"Basi huyo mzima," mama akajibu. Kisha wote wawili wakaona haya, fundi akaendelea kumulika mpaka yai la mwisho.

Ilipofika siku ya kumi na nane, mayai hayageuzwi tena. Mtoto ameshajipanga, anatafuta pa kutokea. Fundi akajiona kama aliyepewa likizo. Kesho yake akaenda kutengeneza friji ya kugandishia nyama kwenye bucha moja, mwendo wa nusu saa kutoka nyumbani. Saa nne asubuhi, akiwa amelala chali mipira ya gesi kifuani, taa zikazimika mji mzima.

"Fundi, mbona umebadilika rangi?" muuza nyama akamuuliza. "Umeacha chungu motoni?"

"Nimeacha mayai."

Lakini gesi ilikuwa imefunguliwa nusu, na kazi ya namna hiyo haiachwi njiani. Alipomaliza na kufika nyumbani, umeme ulikuwa umekatika kwa muda wa saa mbili na nusu.

Alimkuta mama mkwe amekaa chini stoo, mgongo kwenye mlango wa friji, blanketi lake la kitandani limeizunguka friji yote na yeye mwenyewe.

"Usifungue," akasema kabla fundi hajavua viatu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nilisikia feni imenyamaza. Maji ya chupa ya chai nimeyatia kwenye chupa mbili za plastiki, nimeziweka ndani. Zimenywea kwa moto, lakini hazivuji. Nimefungua mara moja tu."

Fundi alitazama sakafu. Maji yaliyomwagika yalikuwa yamekauka nusu, na kidole gumba cha mama kilikuwa chekundu. Akapiga magoti, akachungulia kipimajoto kwenye kidirisha alichokuwa amekikata mlangoni.

"Thelathini na nne."

"Ni nyingi au kidogo?"

"Kidogo. Ila si ya kuua."

Akaenda kuleta maji baridi na kitambaa, akamfunga kidole. Kisha akakaa chini naye. Wakaegemea friji hivyo, bega na bega, mpaka umeme uliporudi saa nane.

Siku ya ishirini mama akaweka sikio ubavuni mwa friji. "Wanaongea," akasema. Fundi naye akaweka lake, asisikie kitu. Hapo subira ikamshinda, kidirisha hakikumtosha. Akafungua mlango kidogo tu, akaona yai moja limepasuka kijinyota, akafunga. Baada ya dakika chache akafungua tena. Siku ya ishirini na moja, Jumamosi, hakwenda kazini. Alifungua, akafunga, akafungua. Kifaranga wa kwanza alitoka kabla ya adhuhuri, amelowa, mbaya wa sura, akaanguka kifudifudi juu ya wenzake. Hadi Jumapili jioni walikuwa kumi na wanne. Mama aliwekewa mmoja kiganjani. Akamshika muda mrefu.

Mayai kumi na moja yakabaki kimya.

"Tuyapasue," mama akasema Jumatatu. "Tujue nini kimewaua."

Wakakaa uani na ndoo kati yao. Mama alipasua, akanusa, akapapasa kwa ncha za vidole. Manne yalikuwa viza, yalikufa zamani. Hayo, alisema, hata kuku hupata. Saba yaliyobaki yalikuwa na vifaranga kamili, wenye manyoya na kucha. Utando wa ndani ulikuwa umekauka kama karatasi na kuwabana.

"Hawa juzi walikuwa hai."

Fundi akainamia ndoo. "Nilikuwa nafungua mlango, mama. Nilitaka kuona. Unyevu wote ukatoka."

"Nilikusikia. Mpira wa mlango ukiachia unalia. Nilihesabu mpaka tisa, nikachoka."

"Mbona hukuniambia?"

"Nyumba si yangu, mashine si yangu, na wewe ni mkwe. Nikameza."

Fundi akaigeuza ndoo kidogo, akairudisha ilipokuwa.

"Mashine ni yako," akasema. "Niliitengeneza kwa ajili yako. Sikujua pa kuanzia kukwambia."

Mama akafuta vidole kwenye kitambaa, kimoja kimoja.

"Ungesema, baba. Saba hawa tungekuwa nao."

Mwezi uliofuata waliweka mayai mengine thelathini. Kiti cha mgongo mrefu kilitoka koridoni kikahamia stoo. Maji yakawa jukumu la mama. Namba za joto fundi alimsomea asubuhi, mchana na jioni, na akichelewa aliitwa. Siku ya ishirini alikuja akinyata, mkono tayari kwenye mlango.

"Toka," mama akasema.

"Nachungulia kidirishani tu."

"Chungulia mikono ikiwa nyuma."

Mkewe alilalamika kwa wenzake shuleni kwamba siku hizi nyumbani hapati nafasi ya kuzungumza. Safari ile mayai mawili yalikuwa matupu, wakatoka vifaranga ishirini na wanne, na yakabaki manne. Wakayapeleka uani kwenye ndoo. Mama alipasua la kwanza, akaushika mkono wa fundi, akauongoza ndani ya ganda, apapase mwenyewe.